Injini Iliyohamia Nyuma ya Viti

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa gari hata moja. Fomeni wa karakana, mtu mrefu aliyevaa ovaroli iliyopigwa pasi, alinikabidhi kipande cha chuma chenye ukubwa wa sabuni na tupa moja, akaniambia nikipige tupa mpaka kiwe na pembe sawa pande zote. Kisha akaondoka. Nilipiga tupa hadi viganja vikatoka malengelenge. Kila nilipompelekea, aliweka skwea yake, kile kipimo cha pembe, juu ya chuma, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Unaona mwanga unapita hapa chini?"

"Naona, Fomeni."

"Basi bado."

Nilikuwa msichana peke yangu katika karakana ile ya shirika la umma la usafirishaji, na wenzangu walidhani ananikomoa ili nikimbie. Baadaye nilijua kuwa kila aliyepita pale alianza na kipande chake cha chuma. Baba yangu alikuwa akiuza kofia na kanzu Kariakoo, na jioni ile aliponiona nimeifunga mikono kwa kitambaa aliuliza kama nitarudi kesho. Nikamwambia nitarudi, maana upande mmoja ulikuwa umebaki kidogo tu kunyooka.

Jina langu Zuhura. Nimekuwa mchongaji wa vyuma maisha yangu yote ya kazi, yaani fundi wa mashine ya kerezo, ile inayozungusha chuma huku kisu kikikimenya. Vijana wengi huniuliza kuhusu gari moja tu, lile la spoti la Mzee Kimaro ambalo tuliihamisha injini yake kutoka mbele tukaileta katikati. Nitalieleza. Lakini kwanza niwataje walionifundisha, maana bila wao nisingethubutu hata kuligusa.

Fomeni alinifundisha heshima ya kitu kilichopo. Siku moja niling'oa kipande cha bati chini ya basi nikitaka kukitupa, kwa sababu sikuona kazi yake. Akanizuia. "Zuhura, kitu chochote ukikikuta mahali, jua kina kazi mbili. Moja imo kitabuni. Nyingine utaijua ukishakitoa." Bati lile lilikuwa linakinga bomba la breki lisipigwe na mawe. Kitabuni lilikuwa limeandikwa kama kizuizi cha matope.

Shirika liliposhindwa kuendelea, tulipunguzwa kazini wengi kwa pamoja. Nikapata nafasi katika gereji ya mtu binafsi pale Mchafukoge, iliyokuwa ikitengeneza magari ya mashindano. Mwenye gereji tulimwita Meneja tu. Alikuwa mtu wa maneno machache, mpenda chai ya tangawizi, na alikuwa na tabia iliyonishangaza mwanzoni. Kabla ya kulifungua gari lolote, alituma watu Kariakoo kwa wauza mchele wakaazime mizani za kupimia magunia. Tunaliinua gari, tunaweka mizani moja chini ya kila gurudumu, kisha tunasoma.

"Usiniambie gari ni zito," alikuwa akisema. "Niambie uzito umekaa wapi."

Ili nieleweke, fikirieni mkokoteni. Msukuma mkokoteni wa Kariakoo anayejua kazi hapangi magunia mazito mwishoni mwa mikono wala mwishoni mwa nyuma. Anayaweka karibu na magurudumu. Hivyo anaweza kuugeuza mkokoteni kwenye kona ya Msimbazi katikati ya watu bila kumgusa mtu. Gari nalo ni hivyo hivyo. Magari mengi ya zamani ya spoti yana injini mbele, halafu shafti ndefu, tunayoiita propela, inapita chini ya sakafu kupeleka nguvu nyuma. Ukiichukua injini hiyo ukaiweka nyuma ya viti, mbele kidogo ya magurudumu ya nyuma, uzito unakusanyika katikati. Gari linakuwa jepesi kugeuka. Ila mkokoteni mwepesi kugeuka ni mwepesi pia kuzidisha kugeuka, na hilo tulikuja kulijua vizuri.

Meneja alipostaafu na kuhamia kwa wanawe, nilinunua kerezo lake moja nikaenda kukodi sehemu mtaa wa Gerezani, bega kwa bega na Fundi Bakari, mchomeleaji. Bakari alikuwa Mzaramo wa mjini kabisa, mwepesi wa utani na mzito wa kukubali jambo jipya. Mimi nachonga, yeye anachomelea, na katikati yetu kulikuwa na benchi moja tuliloligombania kila siku.

Ndipo akaja Mama Neema.

Nilimfahamu kwa sura. Yeye na mumewe, Mzee Kimaro, walikuwa na duka la mabomba ya maji pale Kariakoo, watu wa Kilimanjaro waliokaa mjini miaka mingi. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akauliza hali ya kazi, akauliza hali ya watoto, halafu akasogeza kiti karibu.

"Bi Zuhura, unaweza kurefusha pedali za gari? Au kuzifupisha, sijui niseme nini."

Akanieleza. Mumewe alianguka kutoka kwenye ngazi stoo wakati anashusha mabomba. Goti la kushoto liliungwa hospitali, likapona, lakini halikunjiki tena. Mguu unabaki umenyooka kama mtu aliyelala. Anatembea kwa fimbo, anaweza kukaa kwenye pikapu ya dukani akiendeshwa, na daktari amemwambia anaweza hata kuendesha mradi mguu upate pa kunyooka. Lakini gari lake, lile dogo la milango miwili alilolinunua ujanani likiwa chakavu na kulifufua mwenyewe, haliwezi kumpokea tena.

"Kila Jumapili tukitoka kanisani tulikuwa tunazunguka nalo mjini, mimi na yeye," alisema. "Sasa tukitoka kanisani anaingia ndani anafunga mlango. Watoto wanamwambia auze. Mimi naona akiuza, atakuwa ameuza na kitu kingine."

Nilikwenda kuliona. Lilikuwa limeegeshwa nyuma ya stoo, chini ya turubai, jekundu lililoiva, boneti ndefu kuliko gari zima lililobaki. Mzee Kimaro alisimama pembeni akiegemea fimbo. Tulisalimiana, nikamwamkia shikamoo kwa kuwa alinizidi umri kidogo, akaitikia bila kuniangalia. Niliingia kwenye kiti cha dereva, nikanyoosha mguu. Nyayo ziligusa pedali goti langu likiwa bado limekunjika.

"Mzee, kiti hakirudi nyuma, kimefika ukutani," nilimwambia. "Na pedali haziendi mbele. Kuna bati hapa, na nyuma ya bati kuna giaboksi na injini. Labda injini yenyewe ihame."

Nilisema kwa utani, ili tuagane kwa kicheko. Mzee Kimaro hakucheka. Aliniangalia kwa mara ya kwanza.

"Ihamie wapi?"

Nilirudi Gerezani kwa miguu, nikipita katikati ya mikokoteni na wauza mitumba, na swali lile likanifuata mpaka kwenye benchi. Nilipomweleza Bakari alizima mtungi wake wa gesi.

"Dada Zuhura, hilo gari la kale. Ukilikata hilo, hakuna wa kukuuzia lingine."

"Sijasema tunakata. Nasema tunafikiri."

Tulifikiri kwa muda mrefu. Njia rahisi ilikuwa kununua injini na giaboksi za gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, zile zinazokaa kwa ubavu, tukaziweka nyuma zikiwa kitu kimoja. Mzee Kimaro alikataa. Injini ile aliifungua na kuifunga kwa mikono yake alipokuwa kijana, na hakutaka gari lake lingurume kwa sauti ya mtu mwingine. Basi ilibidi injini ibaki ileile na giaboksi ibadilike, maana giaboksi ya zamani ilitegemea propela, na propela sasa haikuwa na pa kwenda. Tulihitaji giaboksi yenye difu ndani yake, yaani ile sehemu inayogawa nguvu kwa gurudumu la kushoto na la kulia. Tuliipata kwenye maduka ya spea za mtumba hapo hapo Kariakoo, imetoka kwenye gari la familia la Kijapani.

Hapa kuna jambo ambalo kila fundi anayetaka kujaribu alijue. Giaboksi ya namna hiyo ukiielekeza upande usio wake, difu inazunguka kinyume, na gari linapata gia moja ya kwenda mbele na zote zilizobaki za kurudi nyuma. Meneja alituonyesha gari la hivyo lililoletwa gerejini kwake, na mwenye gari alikuwa karibu kulia. Sisi tuliweka injini iangalie mbele kama ilivyokuwa, giaboksi ikifuata nyuma yake, na mambo yakabaki upande wake.

Kazi yangu kubwa ilikuwa sahani ya kuunganishia. Injini na giaboksi hazikuzaliwa pamoja, matundu ya bolti hayalingani, kwa hiyo unachonga sahani nene ya aluminiamu yenye matundu ya huyu upande huu na ya yule upande ule. Shafti ya injini na ya giaboksi lazima zikae mstari mmoja. Zikipishana hata unene wa karatasi, klachi inakufa na beringi inafuata. Nilichonga sahani ya kwanza, sikuipenda, nikachonga nyingine.

Kisha ikafika siku ya kukata. Ili pedali ziende mbele, ukuta wa bati uliotenganisha injini na miguu ya dereva ulipaswa kuondoka, na nyuma ya viti tulipaswa kufungua sehemu ya mizigo na kujenga fremu mpya. Tulichora mistari kwa chaki. Bakari alishika mashine ya kukatia lakini hakuiwasha.

"Mangi," alimwambia Mzee Kimaro, kwa jina la utani wanaloitwa wafanyabiashara wa kwao, "mimi sikati mpaka useme wewe. Nikishapita hapa, hata nikilia haliungiki."

Mzee Kimaro aliomba kiti. Akakaa karibu na mlango, akatoa leso akafuta vumbi la dashibodi polepole, kutoka kona moja hadi nyingine. Mama Neema alisimama nyuma yake. Sisi tukajifanya tunatafuta spana.

"Limekaa chini ya turubai limekamilika," alisema hatimaye. "Limenisaidia nini? Kata."

Kazi ilichukua muda mrefu kuliko tulivyomwahidi, na hakulalamika. Kila siku baada ya kufungua duka alikuja Gerezani, akakaa akisugua bolti kwa brashi ya waya na mafuta ya taa. Rejeta ilibaki mbele inapopata upepo, tukapitisha mabomba ya maji chini ya sakafu mahali ilipokuwa propela. Mabomba aliyachagua yeye, na kwa mabomba hakuna aliyembishia. Tenki la mafuta na betri tukavileta mbele ili pua isibaki tupu kabisa. Nyuma ya viti Bakari alichomelea ukuta mpya wenye bati mbili na pamba ya kuzuia joto katikati. Klachi tukaifanya ya mafuta, laini, ili aisukume kwa paja bila kukunja goti. Siku alipoingia, akanyoosha mguu wa kushoto, na mguu ukanyooka wote, aliikanyaga klachi, akaiachia, akaikanyaga tena. Bakari alitoka nje kuvuta sigara, na Bakari havuti sigara.

Injini iliwaka. Miaka yote ilikuwa ikinguruma mbele yake, sasa ilimngurumia mgongoni, na mzee alicheka kama mtu aliyetekenywa.

Jumapili asubuhi, mitaa ya Mchafukoge ikiwa mitupu, tulitoka naye kwa majaribio, mimi nikiwa kiti cha abiria. Manyunyu yalikuwa yameanza. Tulikwenda vizuri, kona ya kwanza, kona ya pili. Kona ya tatu aliingia kwa kasi kidogo, akashtuka, akaachia mafuta ghafla katikati ya kona kama alivyozoea tangu ujana. Gari la injini ya mbele ukifanya hivyo linatulia. Hili lilitupa mkia. Tulizunguka nusu duara, maduka yakapita mbele ya kioo, na tuliposimama tulikuwa tunatazama tulikotoka. Muuza kahawa wa pale kona alikuwa ameinua birika lake juu kana kwamba anatukinga nalo.

Hakuna aliyeumia. Gari halikuguswa. Lakini Mzee Kimaro alizima injini, akaniwekea ufunguo mkononi.

"Zuhura," alisema, "nirudishie gari langu lilivyokuwa."

Mbele palikuwa pamekatwa, na alijua kama nilivyojua. Alishuka, akafunga mlango taratibu, akaondoka na fimbo yake kwenye mvua. Nililirudisha gari Gerezani peke yangu.

Kesho yake nilikwenda Kariakoo kuazima mizani za mchele. Tulikuwa tumelipima gari likiwa limesimama tupu, na hesabu ilikuwa nzuri. Safari hii nilimweka Bakari kwenye kiti cha dereva, nikajaza mafuta, nikasoma upya. Kisha nikatazama springi, na jambo likawa wazi. Springi za mbele zilitengenezwa kubeba injini. Injini haipo tena, kwa hiyo ziliinyanyua pua kama mbuzi anayetafuta majani, na matairi ya mbele na ya nyuma hayakushika barabara sawasawa. Fomeni angesema hiyo ndiyo kazi ya pili ya injini ile, ambayo haimo kitabuni: ilikuwa inakandamiza magurudumu ya mbele.

Tulitafuta springi laini za mbele, tukaishusha pua. Nyuma tukaweka matairi mapana zaidi, na nikachonga viungo vipya vya kulifanya gurudumu la nyuma liangalie ndani kidogo tu, ili mkia usiwe mwepesi wa kukimbia. Tukaenda kulijaribu kwenye uwanja mtupu wa kokoto, Bakari akiendesha, akiachia mafuta makusudi katikati ya duara, mara nyingi, mpaka akashuka akisema kichwa kinamzunguka lakini gari halizunguki.

Mzee Kimaro hakutaka kuja. Mama Neema alimleta kwa kumwambia kuna bomba linavuja na anayejua mabomba ni yeye. Alifika, akainama kwa shida, akatazama chini.

"Halivuji."

"Halivuji," nilikubali. "Mzee, gari limebadilika na mimi nimelifuata lilikokwenda. Bado wewe. Kwenye kona usiachie mafuta ghafla. Punguza kabla hujaingia, halafu lishike taratibu mpaka utoke. Ni hilo tu."

"Nilizoea vingine."

"Hata kutembea ulizoea vingine."

Nilidhani nimemuudhi. Kabla hajajibu, Mama Neema alizunguka upande wa pili, akafungua mlango, akakusanya kitenge chake, akakaa, akafunga mkanda.

"Mimi nimeshakaa," alisema akitazama mbele. "Unakuja, au Bakari aniendeshe?"

Bakari akapiga hatua moja kuelekea mlango wa dereva, kwa utani wake. Mzee Kimaro akamzuia kwa fimbo, akampa fimbo yenyewe aishike, akaingia.

Walikwenda. Tulisikia injini ikipanda gia kuelekea mtaa wa Lumumba, kisha ikapotea kwenye kelele za soko. Tulingoja. Bakari alifagia mahali palipokwisha kufagiwa. Nilifunga bolti ambayo haikuwa imelegea. Tulikuwa tumeanza kuambiana twende tukawatafute, ndipo tukalisikia kwa mbali, sauti ileile, haina haraka. Lilipinda kona ya gereji kwa utulivu, likasimama. Mama Neema alishusha kioo akatupa mfuko wa samaki wa kukaanga, bado wa moto, umetoka soko la samaki la Feri.

"Alikataa kurudi," alisema. "Nimemrudisha kwa njaa."

Sasa nimestaafu. Macho hayasomi tena mistari midogo ya venia, kile kipimo cha unene wa chuma, na mchongaji asiyeona mistari hiyo anapaswa kuwapisha wanaoiona. Siku hizi kuna mashine zinazochonga zenyewe kwa kufuata mchoro wa kompyuta. Nimeziona, nimezishangilia, na ningekuwa na miaka thelathini ningelala nazo kiwandani. Kazi niliyoifanya wiki nzima zinaifanya kabla chai haijapoa. Kama kuna kitu naweza kuwaachia wanaozitumia, ni kwamba wamfahamu mtu atakayekaa ndani ya kile wanachokichonga: mguu wake unafika wapi, amezoea nini, anaogopa nini, na nani anakaa pembeni yake.

Siku yangu ya mwisho Gerezani nilikabidhi funguo, nikaagana na majirani, nikatoka na kapu langu kutafuta usafiri. Nje alikuwa Mzee Kimaro ndani ya gari jekundu. Mama Neema alikuwa amempa Bakari zamu ya kumrudisha yeye nyumbani kwa pikapu, ili kiti cha pili kiwe changu.

Tuliingia barabarani. Kwa mazoea nikainamisha kichwa, nikafumba macho, nikaanza kusikiliza beringi, klachi, mlio wa kila gia.

"Bi Zuhura," Mzee Kimaro akasema, "unafanya nini?"

"Nasikiliza gari."

"Leo hufanyi kazi. Fumbua macho uangalie mji."

Nikafumbua. Katika maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kupanda gari nililolitengeneza bila kulichunguza. Soko lilikuwa linafunga, watu wanakunja meza zao, watoto wanatushangilia kutoka vibarazani. Aliniuliza anishushe wapi. Nikamwambia nyumbani ni pale mbele, lakini kama mafuta yapo, apite tu.